Rudisheni Mikono Yetu Kwenye Picha: Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Tamasha

Dar es Salaam

Kwa Mkurugenzi wa Tamasha,
Wajumbe wa Kamati ya Uteuzi wa Filamu,
na Mhariri Mkuu wa Video za Tamasha.

YAH: KUBADILISHWA KWA VIDEO YETU YA NGOMA BILA RIDHAA YETU

Waheshimiwa,

Poleni na majukumu. Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mchezaji ngoma na mwongozaji wa video, kiziwi tangu nikiwa na umri wa miaka minne, na ninaandika kwa niaba yangu na ya wachezaji wenzangu watano, ambao wote ni viziwi. Natanguliza shukrani, na ninazitoa kwa moyo mweupe: tamasha lenu lilikuwa la kwanza kuipokea kazi yetu, na siku barua ya kukubaliwa ilipofika tulipunga mikono hewani mpaka mabega yakauma, maana hivyo ndivyo viziwi tunavyopiga makofi. Shukrani hiyo haijafutika, nayo ndiyo iliyonifanya nisubiri miezi mingi kabla ya kuandika hadharani.

Katika miezi hiyo niliwaandikia barua pepe tatu. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp wenye urefu wa dakika nne, uliotumwa kwa mtu mnayejua kwamba hasikii. Ya tatu ilijibiwa na afisa wenu aliyeandika kwamba ofisi ilinipigia simu mara mbili na sikupokea, na kwa hiyo suala limefungwa. Baada ya jibu hilo sikuona njia nyingine iliyobaki. Jina la tamasha sikuliandika hapa kwa sababu ninachotafuta ni marekebisho. Ninyi mnajijua, na waliokuwa ukumbini siku ile wanawajua pia.

Naomba kwanza nieleze kazi yenyewe, kwa kuwa naamini sehemu ya kosa ilitokana na kutoielewa.

Video yetu ina urefu wa dakika 11 na inahusu majina. Katika familia nyingi za kwetu mtoto kiziwi ana jina alilopewa alipozaliwa, ambalo hajawahi kulisikia likiitwa, na ana jina la pili alilobandikwa na mtaa, ambalo mara nyingi ni "bubu". Jina la tatu humjia anapokutana na viziwi wenzake. Hilo ni jina la alama, na huchukuliwa kutoka kwake mwenyewe: kovu la shavuni, namna anavyocheka, kilemba alichokuja nacho siku ya kwanza shuleni. Wengi wetu tunalihesabu hilo la tatu kuwa ndilo jina letu. Katika video kila mchezaji anayacheza majina yake yote matatu. La kwanza analicheza mikono ikiwa nyuma ya mgongo, la pili analicheza macho yakiwa chini, na la tatu linaanza kwenye mkono mmoja, linapanda begani, linashuka kiunoni, mpaka mwili mzima unaitamka ile alama. Ukiniuliza ni wapi ngoma inakoma na lugha inaanza, sina jibu, na kutokuwepo kwa mpaka huo ndiyo sababu ya kuitengeneza video ile.

Tulipiga picha katika sehemu mbili: ufukweni Kigamboni maji yakiwa yamekupwa, na kwenye ghala moja lenye sakafu ya mbao. Mchanga haupitishi mdundo, kwa hiyo ufukweni tulihesabu kwa mawimbi na kwa pumzi, kila mmoja akimfuata mwenzake kwa pembe ya jicho. Kwenye mbao tulilaza ngoma kubwa sakafuni ili mdundo uingie kwenye nyayo na kupanda mpaka kifuani, na juu ya ngozi ya ngoma ya pili mpigaji alimwaga mchele, ili mtazamaji kiziwi auone mdundo punje zinaporuka. Sauti nayo tuliirekodi. Nitaizungumzia chini, maana hapo ndipo palipotuumiza zaidi.

Haya sasa ndiyo malalamiko yetu.

1. Mlikata mikono.

Toleo mlilolionyesha ukumbini, ambalo mpaka leo limo kwenye ukurasa wenu, si lile tuliloliwasilisha. Mhariri wenu aliisogeza picha karibu ili nyuso zijae kwenye kioo, na katika shoti tisa nilizozihesabu mikono ya mchezaji imebaki nje ya fremu. Kwa mtazamaji anayesikia, huenda hiyo ikawa picha nzuri ya uso wenye hisia. Kwa mtazamaji kiziwi ni mtu aliyezibwa mdomo katikati ya sentensi. Eneo la kuzungumzia kwa alama huanza juu kidogo ya kichwa, huishia kiunoni, na hutanuka kando mpaka pale viwiko vinapofika, na mpiga picha aliyezoea kufanya kazi na viziwi hulilinda eneo hilo kabla ya kufikiria jambo lingine lolote. Umbali ule tuliuchagua. Nguo nyeusi zisizo na maua tulizichagua ili viganja visomeke vizuri. Kila alama tuliiacha imalizike kabla ya kuhamia shoti inayofuata, kwa sababu alama hujengwa na umbo la mkono, mahali mkono unapowekwa, mwendo wake, upande ambao kiganja kimeelekea, na sura ya uso. Mwendo ukikatwa kabla haujafika, neno limekuwa lingine au limepotea kabisa. Nembo yenu mliyoiweka pembeni chini, nayo imefunika mkono wa kuume wa mchezaji aliyekaa, kuanzia dakika ya sita mpaka ya saba.

Kuna shoti mbili mlizoziondoa kabisa, na nimeambiwa sababu ilikuwa kwamba zinajirudia. Naomba mnivumilie hapa, maana jambo hili kila msomaji wa ushairi wa Kiswahili atalielewa. Sehemu ya mwisho ya video yetu imetungwa kwa alama zenye umbo moja la mkono, kiganja kilichokunjuliwa na vidole vyote vitano vikiwa wazi, na umbo hilo linapita kutoka kwa mchezaji mmoja kwenda kwa mwingine huku maana ikibadilika kila mara, kama vile mtunzi wa utenzi anavyokishikilia kina cha bahari, yaani silabi ileile inayofunga kila ubeti, kutoka ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho. Hivyo ndivyo vina vya lugha ya alama. Hakuna mhariri ambaye angeondoa beti mbili za utenzi kwa sababu zinaishia kwa silabi ileile na nyinginezo.

Viziwi waliutambua uzito wa picha zinazotembea mapema sana. Mwaka 1913, George Veditz, aliyewahi kuwa rais wa chama cha kitaifa cha viziwi nchini Marekani, alisimama mbele ya kamera akazungumza kwa lugha ya alama, kwa hofu kwamba lugha hiyo, iliyokuwa ikifukuzwa mashuleni na isiyokuwa na maandishi ya kuihifadhi, ingepotea. Filamu ile inatazamwa mpaka leo, na anachokisema kinaeleweka mpaka leo, kwa sababu aliyeshika kamera aliiacha mikono yake ndani ya picha. Miaka 107 baadaye, Februari 2020 mjini Miami, msanii kiziwi Christine Sun Kim alialikwa kuutoa wimbo wa taifa wa Marekani kwa alama kabla ya fainali ya ligi ya mpira wa Kimarekani. Kamera zilimwonyesha kwa sekunde chache kisha zikahamia kwa wachezaji, naye akaeleza hadharani jinsi alivyosikitishwa. Nawakumbusha matukio haya mawili ili muone kwamba tunachokilalamikia kina historia ndefu, na kwamba katika historia hiyo uamuzi wa fremu ndio uliokuwa uamuzi wa nani azungumze. Kwetu sisi video ndiyo karatasi. Anayekata pembe za karatasi anakata na maneno.

2. Mliweka muziki na mkafuta sauti zetu.

Tulipowakabidhi video, ilikuwa na sauti. Ilikuwa na vishindo vya nyayo, viganja vikipiga mapaja, upepo wa pwani, pumzi, na sauti zetu wenyewe, zile zinazotutoka tunapojitahidi au tunapofurahi bila kuzipangia.

Ninyi hamkujua historia ya sauti hizo, kwa hiyo nitaieleza. Nilisoma shule ya bweni, nisiyoitaja, ambako katika darasa la kwanza tuliikalia mikono yetu ili tulazimike kusoma midomo ya mwalimu, na tulipotoa sauti tuliamriwa tunyamaze kwa kuwa sauti zetu, tuliambiwa, zinakera. Mikono imekaliwa, na sauti imezimwa. Mtoto wa miaka saba abaki na nini? Tulizungumza usiku, tukijibanza karibu na dirisha wakati wa mbalamwezi, na usiku wa giza tulishikana viganja na kuzisoma alama kwa kugusana. Kati yetu sita, wanne tunazo kumbukumbu za namna hiyo kutoka shule tofauti. Mwenzetu mmoja alipopendekeza kwamba katika video hii tusizifute sauti zetu, tulijadiliana jioni nzima. Wawili walilia. Mmoja alisema hajawahi kutoa sauti mbele ya watu tangu akiwa na miaka tisa na kwamba anaogopa kuchekwa. Mwishoni tulikubaliana wote sita, na kwetu uamuzi huo ulikuwa mzito kuliko hatua zozote tulizozicheza. Mhariri wenu aliufuta, akaweka juu yake muziki wa kinanda wa huzuni.

Mimi nilikuwa ukumbini, safu ya tatu, nikiitazama mikono iliyokatwa, wala sikujua kwamba kuna muziki. Habari hiyo niliipata siku mbili baadaye kutoka kwa dada yangu anayesikia. Ninawaomba mlitafakari jambo hilo kwa utulivu: mtunzi amekaa mbele ya kazi yake, imebadilishwa sauti, watu wote walio ukumbini wanajua isipokuwa yeye na wenzake, na hakuna hata mmoja katika ofisi nzima aliyeona kwamba apaswa kuambiwa.

Madhara hayakuishia kwenye hisia zetu. Watazamaji kadhaa wameniandikia kwamba mdundo wa muziki haukulingana na hatua zetu wala na ule mchele unaoruka juu ya ngozi ya ngoma, na wawili kati yao, kwa nia njema kabisa, walinifariji kwamba hilo linaeleweka kwa kuwa hatusikii. Tulifanya mazoezi miezi mitano ili watu sita wasiosikia waweke nyayo chini kwa wakati mmoja, na tuliziweka. Video ya awali inathibitisha. Toleo lenu limewafanya watu waamini kinyume chake.

3. Mlitupanga katika kundi la hamasa.

Fomu tuliyoijaza ilikuwa ya shindano la video za ngoma. Tulipofika tulikuta tumehamishiwa kwenye kipindi cha asubuhi cha kazi za kutia moyo, pamoja na matangazo ya afya na filamu fupi kuhusu mashirika ya misaada, na waamuzi wa shindano hawakuiona kazi yetu kabisa. Hatukuja kumtia mtu moyo. Tulikuja kupimwa kwa utunzi, kwa uchezaji na kwa upigaji picha, na kama tungeshindwa tungeondoka tumejifunza.

Viziwi hawajaanza jana kucheza ngoma kwa ustadi wa hali ya juu. Mwaka 2005 wachezaji 21 viziwi kutoka Uchina, wakiongozwa na Tai Lihua, walisimama mstari mmoja kwenye runinga ya taifa lao usiku wa sherehe za mwaka mpya na kuifungua mikono yao ikawa kama ya mtu mmoja mwenye mikono isiyohesabika, huku waongozaji waliosimama pembeni wakiwapa mdundo kwa alama. Huko San Francisco, Antoine Hunter, mchezaji na mtunzi wa ngoma kiziwi, aliunda kikundi chake mwaka 2007 na kuanzisha tamasha la kimataifa la ngoma za viziwi mwaka 2013. Mambo haya yanapatikana kwa kutafuta dakika mbili kwenye intaneti, na nategemea wajumbe wa kamati ya uteuzi wa video za ngoma wawe wanayajua.

4. Hapakuwa na mkalimani.

Baada ya maonyesho kulikuwa na mazungumzo na waongozaji. Wiki sita kabla, niliwaandikia kuomba mkalimani wa lugha ya alama, nikapewa jibu kwamba limezingatiwa. Siku ilipofika hapakuwa na mtu, na mshereheshaji akamwita jukwaani mdogo wangu wa miaka 16, aliyekuja kutazama tu, ili atafsiri. Mdogo wangu anajua alama za nyumbani. Hazijui za fremu, utunzi wala mwanga. Maswali aliulizwa yeye, huku wauliza maswali wakimtazama yeye: "Anajisikiaje?" "Anafurahi?" Alijibu baadhi kabla hajanieleza, kwa kuwa aliona aibu kuwachelewesha watu. Simlaumu hata kidogo. Nilisimama kwenye jukwaa la kazi yangu dakika 20, na katika dakika hizo nilieleza jambo moja tu likafika.

5. Bango.

Bango la kipindi chetu lilitumia picha ya mwanamitindo anayesikia, ameinua mikono katika umbo ambalo si neno katika Lugha ya Alama ya Tanzania. Mlikuwa na picha zetu 14. Sina zaidi la kusema hapo.

Waheshimiwa, najua baadhi ya majibu mtakayoyatoa, maana mengine tayari nimeyapokea, na ningependa kuyajibu kabla hatujapotezeana muda tena.

Mtasema kwamba watazamaji hawawezi kuvumilia kimya. Kwanza, video yetu haikuwa kimya, kama nilivyoeleza. Pili, mwaka 2021 huko Uingereza, Rose Ayling-Ellis, mwigizaji kiziwi, alicheza katika shindano la dansi la runinga linalotazamwa na mamilioni, na katikati ya dansi muziki ulizimwa kwa sekunde kadhaa huku yeye na mwenzake wakiendelea kucheza. Watu hawakubadilisha chaneli. Mwaka uliofuata watazamaji wenyewe walilipigia kura tukio lile kuwa lisilosahaulika la mwaka katika tuzo za BAFTA, zile za runinga za Uingereza, na shindano lenyewe alilishinda. Mtazamaji wa Dar es Salaam ana uvumilivu uleule, akipewa nafasi ya kuuonyesha.

Mtasema kwamba fomu ya kushiriki inaliruhusu tamasha kuhariri kazi kwa ajili ya matangazo. Nimeisoma mara nyingi. Inazungumzia vipande vya kutangazia, na video iliyoonyeshwa ukumbini kwa jina letu haikuwa kipande cha kutangazia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi kuwa na haki ya kupinga kazi yake isipotoshwe, na haki hiyo haikufutwa kwa kuwa mtunzi hasikii. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009 na kutunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010. Ibara ya 30 ya mkataba huo inazungumzia utamaduni, na inatamka kwamba utambulisho wa kitamaduni na wa kilugha wa watu wenye ulemavu, zikiwemo lugha za alama na utamaduni wa viziwi, unastahili kutambuliwa na kuungwa mkono. Sikuandika barua hii ili kuwatishia kwa sheria. Ninataja vifungu hivi kwa sababu afisa wenu aliandika kwamba tunaomba upendeleo.

Mtasema bajeti haikutosha. Kwa mazungumzo ya saa moja wanahitajika wakalimani wawili, wa kupokezana kila baada ya dakika 20 hivi, kwa kuwa kazi hiyo huchosha akili na mikono. Gharama yao ikiandikwa kwenye bajeti siku ileile inapoandikwa gharama ya taa, vipaza sauti na viti vya wageni rasmi, inakuwa ndogo. Inakuwa kubwa pale tu inapokumbukwa asubuhi ya maonyesho. Isitoshe, uhariri mlioufanya haukuokoa fedha yoyote. Mlimlipa mtu ili aikate mikono, na mkapata muziki wa kuweka juu yake.

Na mtasema kwamba nia yenu ilikuwa njema. Hili ndilo gumu kulijibu, kwa kuwa ninaamini ni kweli. Walimu waliotukalisha juu ya mikono yetu nao walikuwa na nia njema. Walitaka tujifunze kusema. Mwaka 1880 mjini Milan, wataalamu wa elimu ya viziwi walikutana na kuamua kwamba usemi wa mdomo upewe nafasi ya kwanza na lugha ya alama iondolewe darasani. Katika wajumbe 164, kiziwi alikuwa mmoja tu. Uamuzi wao ulisafiri na walimu na vitabu mpaka ukafika kwenye madarasa tuliyosomea sisi, na uliombwa radhi na kukataliwa rasmi katika mkutano wa wataalamu hao huko Vancouver mwaka 2010, miaka 130 baadaye. Kamati yenu ya uteuzi ina wajumbe saba, na hakuna kiziwi hata mmoja. Watu wema wakikaa chumba kimoja bila anayehusika, hawana wa kuwaambia "hapo mnakosea", na hatimaye aliyekosekana chumbani ndiye anayebeba matokeo.

Kwa hayo yote, tunaomba mambo yafuatayo:

(a) Liondoeni toleo mlilolihariri kwenye ukurasa wenu na popote pengine mlipoliweka, na muweke toleo letu la awali, likiwa na mikono yote, shoti zote na sauti zetu, bila nembo ndani ya fremu. Hili lifanyike ndani ya siku saba tangu kuchapishwa kwa barua hii, kwa kuwa halihitaji kikao.

(b) Pamoja na toleo hilo, andikeni maelezo mafupi yanayosema wazi kwamba lililoonyeshwa lilibadilishwa bila ridhaa ya watunzi, na kwamba wachezaji hawakukosea hatua. Sentensi ya pili ina umuhimu mkubwa kwetu kuliko ya kwanza.

(c) Ionyesheni kazi yetu upya ukumbini, jioni, katika kipindi cha kawaida cha video za ngoma. Tunaomba isihifadhiwe kwa ajili ya Septemba 23, Siku ya Kimataifa ya Lugha za Alama. Siku hiyo tunaipenda na tunaiadhimisha wenyewe kila mwaka, lakini kazi yetu ni ya ngoma, na yafaa iende pamoja na ngoma.

(d) Kuanzia msimu ujao, muwe na angalau viziwi wawili katika kamati ya uteuzi, walipwe sawa na wajumbe wengine, na wawe na wakalimani kwenye kila kikao. Nasema wawili kwa makusudi. Mmoja peke yake mezani huchoka haraka na huzoea kukubali.

(e) Andikeni kwenye fomu ya kushiriki kwamba video yoyote yenye lugha ya alama haitapunguzwa fremu, haitakatwa wala kuongezwa sauti bila idhini ya maandishi ya mtunzi, na kwamba mkalimani hutolewa na tamasha bila mtunzi kulazimika kuomba.

Hatuombi fidia. Tumelizungumza hilo sisi sita, na wapo waliotaka tudai, nami niliwaomba tusubiri tuone kwanza mtakavyoyapokea haya matano.

Kwa habari ya kikao, tuko tayari kuja ofisini siku yoyote mtakayoipanga ndani ya siku 21, mradi wakalimani wawili wawepo na mada ziwe zimetumwa kwa maandishi kabla. Mawasiliano yote yaje kwa barua pepe au kwa ujumbe wa maandishi. Jina langu na namba yangu zimo kwenye nakala iliyofikishwa ofisini kwenu kwa mkono, pamoja na flashi yenye video yetu ya dakika 11 kama tulivyoitengeneza. Mtakapoifungua, naomba muisikilize kuanzia dakika ya tisa na nusu. Kuna sauti ya mwanamke, ya juu, isiyo na neno, inayodumu sekunde nne hivi. Huyo ndiye yule mwenzetu aliyeogopa kuchekwa.

Wenu katika sanaa,

Mwongozaji, kwa niaba ya wachezaji sita.